Kliniki ya bure haikui kwa urefu wa foleni

Watu wakisikia kliniki ya bure wanafikiria vibibi na watoto, ila hapa kwetu Pasua, Moshi, ukija Jumamosi utashangaa. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa 60 asiyejiweza, hao sera inawasamehe malipo kwenye vituo vya serikali (utekelezaji wake ni stori nyingine). Wanaojaa kwetu ni wa katikati hapo, bodaboda, mama ntilie, wabeba mizigo wa soko la Mbuyuni, mtu ana miaka 45 hana bima, presha iko 180 kwa 110 na anakwambia ni uchovu tu.

Sasa dokta aliyeianzisha ni mtu mwema sana na shida yetu ilikuwa hapo hapo. Funguo za kabati la dawa anazo yeye, anaandika yeye, anatoa dawa yeye, akibanwa na zamu kazini kwake watu wanakaa kwenye benchi mpaka saa sita halafu wanaondoka kimya kimya. Hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka alipokuja mama mmoja nesi mstaafu akamuuliza mbele ya wote, "Dokta mwanangu, ukiumwa wewe tunafunga?" Jamaa akacheka, ila wiki iliyofuata funguo zikawa kwa yule mama.

Yule mama bwana! Kitu cha kwanza akaanzisha daftari la wasiorudi. Sio la waliokuja, la wasiorudi. Maana presha na sukari haziponi kwa dozi ya siku chache kama malaria, mtu anajisikia poa anaacha vidonge, baadae unasikia kapooza upande. Kwa hiyo kila Jumatatu majina yanaenda kwa wahudumu wa afya wa mtaa, wale wanajua nani kahama na nani mume wake kamkataza, wanapita nyumbani.

Na akagoma kufanya kambi kubwa ya upimaji. Kuna wafadhili walitaka, na mabango na mpiga picha, akawapigia hesabu: mkiniletea wagonjwa wapya 50 wa presha, kidonge kimoja kwa siku, hivyo ni vidonge 1,500 kila mwezi, na wengi wanahitaji dawa zaidi ya moja, nani analipia mwezi wa saba? Walinywa chai wakaaga. Wapo wanaosema alikuwa mkali mno na pesa ile tungeipata, mimi naona alikuwa sahihi, kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha afu dawa ziishe mwezi wa tatu ni bora usingempima.

Dokta sasa hivi anataka tufungue nyingine Njoro. Mama kasema sawa, ila kwanza apatikane wa huko huko wa kuisimamia, sio wa kutoka kwetu. Kajitokeza dada mmoja fundi cherehani, kupima presha kashajua, hesabu ya dawa bado inamsumbua.