Koki zote zimefungwa, mita inazunguka

Juzi tulikwenda kutazama nyumba inayouzwa, binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona wenzio wanaangalia vyumba, wewe umechuchumaa kwenye mita ya maji?" Nilimjibu kwa kifupi, maana dalali alikuwa kasimama papo hapo. Lakini swali lile lilinirudisha kwenye nyumba ya marehemu baba, enzi zile nilipokuwa natumwa kufuata kodi.

Bili ya maji ilipanda ghafla. Baba alishakata shauri: mpangaji anagawia majirani maji. Mpangaji mwenyewe, mama mtu mzima, kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba ukuta wa korido unabanduka rangi upande wa chini. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili. Nikatumwa kumpelekea notisi.

"Mwanangu," akaniambia, "kabla hujanipa hiyo karatasi, njoo kwanza."

Akafunga koki ya jikoni, ya bafuni na ya nje, kisha akataka nizikaze kwa mkono wangu mwenyewe. Nikazikaza. Chooni akafunua tangi, tukasubiri lijae mpaka boya likafunga. Ndipo tukachuchumaa kwenye mita. Kioo kilikuwa na vumbi, akakifuta kwa kidole gumba. Pembeni mwa tarakimu kuna kigurudumu kidogo chekundu chenye meno. Hicho husogea hata maji yakipita kidogo sana. Kilikuwa kinazunguka. Kinakwenda polepole, kinasita kama kimechoka, kinaendelea tena. Yule mama hakusema neno. Nami sikuwa na la kusema. Notisi ilikuwa bado mkononi, imeanza kulowa jasho.

Akafunga valvu ya kuingizia maji ndani, kigurudumu kikasimama tuli. Kumbe panapovuja ni ndani ya nyumba, si kati ya mita na nyumba. Fundi alipobomoa plasta ya korido alikuta bomba limeachia kwenye kiungo.

Baba akalipa bili, notisi ikachanwa. Hata hivyo mkataba ulipoisha yule mama alihama, na nyumba ikakaa bila mtu. Wanaopiga hesabu za nyumba ya kupangisha kwa kuzidisha kodi mara 12 wanasahau kwamba mwezi mmoja tu bila mpangaji unaondoa zaidi ya asilimia 8 ya mapato ya mwaka.

Siku hizi mpangaji akiniambia kuna doa ukutani, naenda mapema, napiga picha na kuandika tarehe. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, sembuse bomba lililofichwa ukutani! Na siku ya kukabidhiana funguo tunasoma mita pamoja, namba inaingia kwenye orodha ya hali ya nyumba, tunasaini wote wawili.

Yule mama alipokuja kurudisha funguo nilimuuliza kama anahama kwa sababu ya ile bili. Alisema amepata nyumba karibu na kazini kwake. Huenda ni kweli. Baba aliridhika na jibu hilo. Mimi mpaka leo halijanikaa sawa, na sijawahi tena kumwandikia mpangaji notisi kabla ya kwenda kumsikiliza.