Fundo la kikoi

Baba alichukuliwa usiku, Aprili 1972, siku chache baada ya Rais wetu wa Zanzibar, Mzee Karume, kupigwa risasi Kisiwandui. Kosa lake mtaa mzima uliliona: alikuwa komredi, mtu wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu tangu 1963. Yaani Wajerumani Mashariki wametujengea maghorofa Kikwajuni, serikali inahubiri ujamaa, na anayetiwa ndani ni mwenye Marx kabatini! Hadi leo nacheka.

Mchele ulikuwa wa foleni, ushauri wa bure. "Mwambie mtoto baba yake kasafiri, yuko Mombasa." Mama alikataa, na afadhali, maana skuli walijua kabla yangu. Usimdanganye mtoto, wenzake watamsimulia. Jirani mwingine akatushauri tufiche kikaratasi ndani ya mkate. Unga wenyewe mama kaamkia alfajiri! Askari mlangoni akaumega mpaka ukawa makombo, kikaratasi kikadondoka. Mama akahojiwa hadi magharibi.

Njia tuliipata kwenye nguo chafu. Zilipotoka gerezani kuja kufuliwa nyumbani, askari walikagua mifuko, ukosi na pindo za shati. Kikoi walikikung'uta tu. Bibi yangu, aliyesokota matamvua ya vikoi vya watu tangu usichana, akakigeuza karibu na taa. "Fundo hili mimi sikulifunga." Akalifungua, akafunga mawili, tukakipeleka. Kikarudi na matatu. Bibi akapiga kigelegele, mama akamziba mdomo.

Kusoma mafundo ikawa kazi yangu, na nilijiona mkubwa kweli. Kila kapu la chakula likipelekwa, fundo lilirudi. Mara matamvua yakaja matupu, tena na tena. Mama akasema baba anaumwa. Bibi akauliza, "Ulipeleka nini?" Samaki wa kupaka. "Basi kaliwa mlangoni." Safari iliyofuata tukapeleka muhogo wa kuchemsha, hauna nazi wala chumvi. Fundo likarudi! Ukiwa na mtu wako ndani, usipike kitu cha kutamanisha.

Kortini hakukuwa na mawakili, hilo silirefushi. Baba aliachiwa wakati wa Mzee Jumbe, aliyeshika urais baada ya Karume. Tulidhani atasifia akili zetu. Akaanza kulalamikia ule muhogo, kwa nini hata chumvi mlininyima, na mama akamwambia kama hataki arudi alikotoka.