Nilivyofika King Records, Cincinnati

Basi kutoka Columbus kwenda Cincinnati, huko Ohio, Marekani, lilichelewa kuondoka, choo chake kilikuwa kimefungwa, na kiyoyozi kilitupuliza njia nzima kana kwamba tumebeba samaki. Kwa nauli ile ningetoka Dar nikafika Mwanza, tena na soda na biskuti ndani ya basi. Teksi ya kutoka stendi nayo ikanikamua.

Mji wenyewe sina la kuusimulia. Nilifuata jengo moja tu, namba 1540 Brewster Avenue, mtaa wa Evanston, palipokuwa King Records, kampuni ya santuri. Nilitegemea makumbusho, tiketi, labda na duka la fulana. Nikakuta jengo la matofali lililofungwa, bango la kumbukumbu, na barabara kuu ikivuma jirani. Niliumia. Hapa ndipo James Brown, gwiji wa soul na funk, alipourekodi wimbo wake Cold Sweat mwaka 1967!

Bibi mmoja aliyekuwa akipita akaniona nimeduwaa. "Umemfuata James?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, mama, nimetoka Tanzania. Akacheka, akaweka mfuko wake chini, na safari yangu nzima ikawa ni yeye.

Shangazi yake alikuwa akifungasha sahani za santuri humo ndani. Syd Nathan, aliyeanzisha kampuni mwaka 1943, alikuwa na kila kitu chini ya paa moja: studio, mashine za kufyatua santuri, uchapaji wa makasha, usafirishaji. Wimbo ulirekodiwa humo na kutoka humo ukiwa tayari kuuzwa. Weusi na weupe walifanya kazi pamoja, akasema, na alilisema hilo mara mbili.

Kisha akanishika mkono akaupigiza kwenye uzio. "Moja!" Mbili, tatu na nne akazigusa kidogo tu. "Moja!" Akanirudisha tena na tena mpaka bega likaelewa. Uzito wote uko kwenye pigo la kwanza. Yanayobaki yaache yacheze. Gitaa, besi na tarumbeta, vyote Brown alivigeuza ngoma, na kodi (chords) za wimbo, yaani noti zinazopigwa pamoja, karibu hazihami. Nimeusikiliza muziki huu wa funk tangu utotoni, lakini pale ndipo mwili wangu ulipouelewa.

Alimsifu mpiga besi Bootsy Collins, mtoto wa mji huo, aliyechukuliwa na Brown mwaka 1970 akiwa na miaka 18, kisha akaenda kwa George Clinton kuitikisa bendi yake ya funk, Parliament-Funkadelic. Lakini alipofika kwa Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa Brown, sauti ilimbadilika. Novemba 1969, katika mji huo huo, Clyde alipiga ngoma za Funky Drummer, wimbo wa Brown. Kipande chake cha peke yake hakifiki nusu dakika. Watayarishaji wa hip hop wamekikata na kukizungusha kwenye nyimbo zisizo na idadi, Fight the Power ya Public Enemy ya mwaka 1989 ikiwemo. Kwa kuwa hakuandikwa kama mtunzi, haki za wimbo hazikuwa zake. Alifariki mwaka 2017. Dunia nzima imechezea mikono ya mtu huyu, na mimi naona ni dhuluma.

Usiku nikampigia baba mkubwa, Magomeni. Nilitaka anisimulie Novemba ile ile ya 1969, kwa sababu ndipo muziki wa soul, huu wa kina James Brown, ulipopigwa marufuku Dar es Salaam. Akasema vijana wa mtaani kwao hawakuacha, walihamia sebuleni kwa rafiki yao, madirisha yakafungwa, joto la kufa mtu, santuri moja inarudiwa mpaka alfajiri. Miaka ya sabini ilipoingia na suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, wao walishazijua hatua zote. Nikamuuliza kama alikuwa akisikia lile pigo la kwanza.

"Kulisikia?" akasema. "Sisi ndilo tulilokuwa tunashukia."

Akaanza kulipiga mezani, mama mkubwa akamgombeza kwamba watu wamelala, na yeye akaendelea.