Kasoro Ikiwekwa Wazi Hununuliwa

Anayenunua nyanya hapa Mwanza, kwenye genge la Buhongwa au katika soko la Kirumba, hukutana na bei mbili, na mara nyingine tatu, za zao lile lile lililoshushwa alfajiri kutoka gari lile lile. Liko fungu la nyanya kubwa, ngumu, zilizoshika rangi sawasawa. Liko fungu la ndogo pamoja na zile zilizopinda au kupasuka karibu na kikonyo. Na pembeni, kwenye beseni au juu ya kiroba, yako masalo yaliyoiva kupita kiasi na kupondeka njiani, ambayo mama lishe huyachukua kwa ajili ya mchuzi wa mchana huo huo. Tumezoea mpangilio huu kiasi cha kutouona. Mimi nimeutazama kwa muda mrefu sasa, na nimefikia kuamini kwamba mlaji hakatai zao kwa sababu ya kasoro peke yake. Anachokipima zaidi ni kama ameonyeshwa kasoro hiyo waziwazi na kuelezwa ilivyotokea, au kama amefichwa.

Jambo lenyewe si dogo. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, migahawani na majumbani, kiasi ambacho ni asilimia 19 ya chakula chote kilichokuwa kimewafikia walaji; na kabla ya hapo Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilikuwa limekadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 14 hivi hupotea kati ya mavuno na duka. Kwetu sehemu kubwa ya matunda na mboga huharibika kabla ya kufika jikoni, ndani ya tenga lililojazwa kupita kiasi na kulaliwa na matenga mengine juu ya Fuso, au katika jua la mchana sokoni. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba mnunuzi wa Mwanza hahusiki, na kwamba tatizo ni la barabara na vyombo vya kubebea. Sikubaliani nao. Dalali anayeingia shambani Magu au Misungwi huchambua kwa jicho la mnunuzi wa mjini. Kile anachojua kuwa kitadoda hukiacha hapo hapo, na mkulima ambaye amekwisha kulipia mbegu, mbolea, vibarua wa palizi na petroli ya pampu ya maji hubaki na rundo lisilo na mwenyewe. Tunachokikataa kwenye genge kimekwisha kukataliwa shambani kabla hatujakiona.

Inafaa basi tujue kasoro hizi zinatoka wapi, maana nyingi ni habari za mvua, jua na udongo tu. Nyanya hupasuka inapopata maji mengi ghafla baada ya kiu ya siku kadhaa, kwa kuwa nyama ya ndani hukua haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Mvua za vuli zikianguka juu ya shamba lililokauka, mipasuko huonekana ndani ya muda mfupi. Kitako cheusi hutokana mara nyingi na umwagiliaji usio na mpangilio, unaoufanya mmea ushindwe kufikisha madini ya kalsiamu hadi mwisho wa tunda. Ukikata sehemu hiyo, iliyobaki ikiwa imara inapikika kama nyanya nyingine yoyote. Karoti hugawanyika miguu miwili mzizi wake unapokutana na jiwe, na katika mkoa wenye mawe kama huu wetu sioni kwa nini mtu ashangae. Chungwa lenye mabaka ya rangi ya kutu limekwaruzwa ganda na utitiri, wadudu wadogo mno kuonekana kwa urahisi, lakini maji yake ni yale yale. Pilipili hoho yenye baka jeupe imebabuliwa na jua baada ya majani kupukutika.

Machungwa ya Ukerewe yananipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Hufika mjini yakiwa ya kijani, hukaa sokoni yakiwa ya kijani, na hatuyakatai, kwa sababu tangu utotoni tunajua kwamba chungwa la kijani linaweza kuwa limeiva na kuwa tamu kabisa. Ganda la chungwa hugeuka manjano iliyokolea pale ambapo usiku una baridi, na usiku wa kando ya ziwa hauna baridi ya kutosha. Katika nchi ambazo wanunuzi wamezoea rangi hiyo, machungwa yaliyoiva yakiwa bado kijani huwekwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini ili ganda libadilike, bila kuongezewa utamu wowote. Jicho la mlaji hufundishwa, na sisi tumefundishwa vizuri kuhusu chungwa ilhali kuhusu nyanya na karoti bado.

Hata hivyo sitaki kuandika kana kwamba kila chenye sura mbaya ni salama, kwa sababu kauli hiyo imesikika katika kampeni nyingi za kupinga upotevu wa chakula na naiona kuwa ya hatari. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga kinaweza kuwa na sumu ya solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kiazi kitamu kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu, na uchungu huo hautoki jikoni. Mahindi na karanga zenye ukungu ni jambo zito zaidi: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiishi kwa kusonga ugali. Nyanya yenye tundu dogo karibu na kikonyo huenda imeingiliwa na kiwavi wa kantangaze, mdudu aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, na mara nyingi imekwisha kuanza kuoza kwa ndani. Masalo yenye ukungu au harufu ya kuchacha hayafai hata yakitolewa bure. Mama anayekataa kila nyanya yenye alama hafanyi ujinga wala majivuno. Analinda watoto wake kwa njia pekee aliyonayo, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha alama ipi ni ya mvua na ipi ni ya uozo.

Tofauti hizi muuzaji huzijua kuliko mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyezishika nyanya moja moja wakati wa kuchambua. Akizisema, biashara inakwenda. Akizificha, hasara yake haiishii kwenye fungu moja. Kila mtu anaijua desturi ya kupanga nzuri juu ya tenga au ndoo na kuzika mbovu chini. Mnunuzi anayefika nyumbani, akamimina ndoo na kukuta nusu imelowa, hakasiriki kwa sababu ya ndoo ile tu. Kuanzia siku hiyo kila baka atalichukulia kuwa dalili ya uozo uliofichwa, na hata nyanya iliyopasuka kwa mvua, ambayo ingemfaa kabisa, ataiacha. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa nyanya usemi huo una ukweli wake wa kikemia, kwani tunda linaloharibika hutoa ethilini inayoharakisha kuiva kwa yaliyo jirani yake. Kuchanganya, kwa hiyo, kunaharibu nyanya zenyewe pamoja na imani ya mteja.

Mama mmoja ninayenunua kwake Nyakato huchambua mbele ya wateja, na fungu la pembeni halifuniki. Nilimuuliza kulihusu.

"Shikamoo mama. Hizi za upande huu zina nini?"

"Marahaba mwanangu. Hizo zimepasuka kwa mvua, ndani nzima. Pika leo au kesho, usizilaze mpaka Jumapili. Za kuweka ni zile kule."

Katika maneno hayo machache alinipa sababu ya kasoro, hali ya zao lenyewe, muda nilionao na kazi ambayo nyanya zile zinafaa kufanya. Bei aliipunguza, lakini si sana, na nilipoona jinsi fungu lile linavyokwisha nilikumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada. Walionyesha kwamba matunda na mboga zilizoandikwa waziwazi kuwa zina sura mbaya ziliuzika vizuri kuliko zile zilizoshushwa bei bila maelezo, na kwamba punguzo la wastani lilisaidia kuliko punguzo kubwa. Sababu ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya genge: lebo ile inamwambia mnunuzi kwamba tatizo liko kwenye sura tu, ilhali bei ya kutupa humfanya ajiulize kuna ubaya gani mwingine ambao hajaambiwa. Sisi wenye desturi ya kupatana bei tungedhani kwamba kushusha zaidi ndiyo njia ya kuuza zaidi. Kwa zao lenye alama, naamini kushusha mno hulimaliza sifa, na zaidi ya hapo humnyima mkulima fedha ambayo ingemfanya aone faida ya kulivuna.

Ulaya walifika hapo kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulikuwa na viwango vya umbo vilivyogusa hata kupinda kwa tango, na mwaka 2009 ukafuta viwango hivyo kwa aina 26 za matunda na mboga, karoti zikiwamo, huku ukiviacha kwa aina 10, nyanya ikiwa mojawapo. Mwaka 2014 maduka ya Intermarché nchini Ufaransa yaliuza matunda na mboga zenye kasoro za umbo kwa punguzo la asilimia 30, yakiwapa wateja supu na juisi zilizotengenezwa kwa mazao hayo hayo ili waonje. Hilo la kuonjesha linanifurahisha, kwa sababu muuzaji wetu wa machungwa hulifanya kila siku kwa kisu chake, bila kampeni yoyote.

Kuna kizuizi kingine ambacho bei haikiondoi, nacho ni aibu. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliochapishwa katika jarida la Journal of Marketing, ulionyesha kwamba mtu anapofikiria kununua zao lisilovutia hujiona mwenyewe kuwa amepungua thamani. Nimeliona hilo sokoni katika namna watu wanavyogeuza mgongo wanapochukua fungu la pembeni, hasa jirani akipita. Siwalaumu. Matunda ya kumpelekea mgonjwa au ya kuandalia wageni wa harusi yana heshima yake, na sioni kosa mtu akichagua ya kupendeza kwa siku hiyo. Lakini nyanya inayokwenda kukwaruzwa kwa ajili ya mchuzi wa sato haina sura tena baada ya dakika tano, na karoti inayokatwakatwa kwenye pilau haijulikani ilikuwa na miguu mingapi. Nyumbani kwangu nanunua mafungu mawili, la kachumbari na la kupikia, na mgeni hajawahi kuulizia hilo la pili.

Wazee wa Usukuma walilimaliza suala hili kwa viazi vitamu muda mrefu kabla ya ripoti zote hizi. Viazi vidogo na vile vilivyokatwa na jembe wakati wa kuchimba havikai, kwa sababu jeraha hufungua njia ya kuoza. Basi humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya majabali, vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Anayekula matobolwa kwa karanga wakati wa kiangazi haulizi kiazi kilikuwa na umbo gani. Kilichofanyika pale ni kwamba zao lenye kasoro lilipewa kazi yake siku ile ile ya mavuno, kabla halijageuka kuwa taka, na yeyote anayefikiria kukausha maembe katika msimu wa wingi wao anafuata njia ambayo tayari tunaijua.

Ninachokihofia sasa ni namna mpya ya kununua. Watu wengi mjini huagiza mboga kwa simu, na bodaboda huzileta hadi mlangoni. Mteja haoni fungu, haulizi, hashiki. Kwa hiyo muuzaji, akiogopa lawama, huchagua zile tu zisizo na doa lolote, na zilizobaki hukosa hata nafasi ya kutajwa. Hoteli na maduka makubwa hununua kwa namna inayofanana, kwa kudai ukubwa mmoja na rangi moja, hata kwa nyanya zinazokwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Masharti ya aina hiyo yakizoeleka, yale mafungu mawili au matatu ya genge yatabaki moja, na mengine yataishia shambani au kwenye dampo. Kwa wauzaji wanaopokea oda kwa simu ningependekeza wapige picha mbili kila asubuhi, moja ya nyanya za kuweka na moja ya nyanya za kupika leo, wataje kilichozipata hizo za pili, na waandike bei chini ya kila picha. Wapishi wa hoteli nao wanaweza kuandika kwenye oda zao kilo ngapi ni za kuonekana mezani na kilo ngapi ni za mchuzi.