Siku moja maishani mwangu: mawe ya Mto Karura

Saa kumi na moja alfajiri

Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye ndoo ya maji. Kabla sijabandika chai nahesabu vifaa kwa mara ya tatu: machujio ya chai kumi, mikebe minane ya aiskrimu, vijiko vya plastiki, lenzi tatu za mkono, sabuni. Mikebe yote ni myeupe, nami sikubali rangi nyingine. Mdudu wa rangi ya tope ukimtia kwenye mkebe wa buluu humwoni. Kwenye mweupe unamwona hadi miguu inavyotikisika.

Nafundisha sayansi gredi ya tano katika shule ya umma huku Huruma, Nairobi, na leo nawapeleka wanafunzi wangu Mto Karura kutafuta wadudu wa chini ya mawe. Kwetu ni Kanamai, kaunti ya Kilifi, na kazi ya kufunua mawe nilifunzwa na bibi yangu, siku za bamvua, maji yakikupwa hadi mbali na mwamba ukabaki wazi. Yeye akitafuta pweza, mimi nikibaki nyuma kwenye vidimbwi, nikiangalia viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, na majongoo bahari. Amri yake ilikuwa moja tu: jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyolala. Waliomo chini yake wamezoea kivuli na unyevu; ukiliacha limepinduka, jua linawamaliza. Nairobi haina bahari, lakini mawe inayo, na mito pia.

Saa moja na nusu

Watoto 36 wamepanga foleni getini. Gambuti tunazo jozi kumi na mbili, kwa hiyo watapokezana. Mama mmoja ananivuta kando: "Mwalimu, huyu wangu ana kifua, asiingie majini." Namwambia asijali, atakuwa mwandishi wa kundi. Basi tulilokodi linachelewa dakika arobaini. Tunaimba.

Saa tatu na robo

Tumeingia Msitu wa Karura kwa lango la Barabara ya Kiambu. Njiani nawasimulia kwa ufupi: msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na mwishoni mwa miaka ya tisini nusura ugawanywe viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai alikuja hapa na wenzake kupanda miche, akapigwa hadi akajeruhiwa kichwani. Watoto wananyamaza. Kisha tumbili anakatiza njia na historia yangu yote inaishia hapo.

Saa nne

Tumefika mahali maji ni ya kina cha kifundo cha mguu. Hakuna anayesogea. Wamesimama hatua tano kutoka ukingoni, na binti mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, haya ni maji ya choo?"

Swali hilo silicheki. Mto anaoujua yeye ni Mathare, unaopita nyuma ya nyumba yao, mweusi, umejaa karatasi za plastiki. Kwao mto ni kitu ambacho mzazi hukukataza.

Nainama na kuwaonyesha. Chujio unalishika chini upande maji yanakoelekea, unanyanyua jiwe taratibu, unasugua tumbo lake kwa kiganja, na mkondo wenyewe unakuletea uliowabandua. Kisha unakung'uta chujio ndani ya mkebe wenye maji na unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Dakika ya kwanza wanaona mchanga. Dakika ya pili mchanga unaanza kutembea.

"Mwalimu, kijiti kina miguu!" Kweli. Ni lava, yaani mtoto wa mdudu, aliyejishonea nyumba kwa uzi wa hariri anaoutoa mdomoni, akabandika chembe za mchanga na vipande vya majani pande zote, na sasa ameitoa miguu sita mbele anaivuta nyumba yake mkebeni. Watoto wanane wamegonganisha vichwa juu yake.

Kundi la pili wamepata kile wanachokiita Mikia Mitatu. Nawapa lenzi. Ubavuni mwa tumbo ana matamvua membamba mfano wa manyoya, na hayatulii hata kidogo, yanapepea muda wote. Nawaambia hapo ndipo anapopumulia. Akishakuwa mkubwa atapata mabawa, hatakula kitu tena, na ataishi siku moja au chache tu. Lakini utoto wake wote ni humu majini, na maji machafu hayawezi. Mkimkuta, mjue maji haya bado yana hewa.

Mara naona kitu chini ya jiwe alilolishika mvulana mmoja na napaza sauti: "Kaa!" Nusu ya darasa wanaketi chini palepale, kwenye majani yenye umande. Inabidi niwaeleze kwamba nilimaanisha mnyama. Kwetu Kanamai hakuna ambaye angeketi.

Huyo kaa ni jike, mkubwa kama kiganja cha mtoto. Namgeuza polepole, na chini ya mkia aliokunjia tumboni kuna watoto wake, kadhaa wa kadhaa, kila mmoja kaa kamili, mdogo kuliko punje ya dengu. Koo limenikaba. Kaa wa baharini huwaachia watoto wao wachukuliwe na maji wakiwa bado vidude visivyofanana na kaa kabisa. Huyu wa mtoni huwabeba mpaka waweze kushika jiwe wenyewe. Nilikua nikishika kaa kila wiki na sikuwahi kuona jambo hili hadi nilipohamia Nairobi.

Tukamrudisha, na jiwe lake, upande uleule.

Mvulana mmoja alimbana mdudu kwa vidole akafa. Hakuna aliyemgombeza, lakini machozi yalimlengalenga. Nikampa kazi ya kukagua mawe yote kabla hatujaondoka, na alikagua kwelikweli, mawili aliyarudia.

Saa saba kasorobo

Sabuni kwanza, kisha chapati na maharagwe. Wanauliza maji haya yanakwenda wapi. Nachora ardhini kwa kijiti: mito ya Nairobi inaingia Athi, Athi ikiteremka inaitwa Galana, na karibu na pwani inaitwa Sabaki, hadi baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua zikinyesha huku bara, bahari ya kule hugeuka rangi ya udongo.

"Hata maji yetu ya Mathare?"

"Hata hayo."

Wanataka kujua kama kuna anayeweza kuishi ndani ya Mathare. Nawaambia wapo minyoo wadogo wekundu, lava wa visubi, ambao damu yao hushika hewa kidogo iliyopo kwenye tope bovu. Sikujua kwamba hilo ndilo lingewakaa akilini.

Saa tisa na nusu

Darasani. Wanachora. Nusu wamesinzia.

Saa mbili usiku

Nasahihisha madaftari. Kaa wamejaa, wengine wana miguu kumi na minne. Halafu daftari la yule binti aliyeuliza kuhusu choo. Yeye hakuchora Karura. Amechora mto mweusi, mabati pembeni, na katikati mnyoo mmoja mwekundu amepakwa rangi kwa bidii hadi karatasi imetoboka. Chini ameandika: "Mwalimu, twende tumwone wetu."

Majini mle siwezi kuwaingiza. Ila mimi naweza kuteremka peke yangu Jumamosi na kuchota tope, nikawaletea kwenye mkebe mweupe, mfuniko juu, wakatazama kwa lenzi bila kugusa. Ndoo yenye kamba ninayo. Nimemwandikia muuguzi wa zahanati, dada tunayeishi ploti moja, nimuombe glavu.