Presha ya mawazo nayo inapita kwenye figo

Hii kauli ya "presha yangu ni ya mawazo tu" imezoeleka sana kwetu, na anayeisema mara nyingi anamaanisha mawazo yakiisha na presha itaisha, sasa dawa za nini. Inaniumiza kwa kweli, maana nimeona watu wakiacha vidonge kwa ajili yake.

Ni kweli mawazo yanapandisha presha. Ukishtuka, tuseme simu imeita saa nane usiku, ubongo unaamsha ile mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila wewe kuiamuru, wataalamu wanaiita simpathetiki, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unadunda kwa nguvu, mishipa ya damu inabana, presha juu. Mambo yakitulia inashuka. Wengi tunaishia hapo.

Tunachosahau ni figo. Mishipa hiyohiyo ya fahamu imefika mpaka kwenye figo, na ikichokozwa kila siku, madeni, usingizi wa kuungaunga, ugomvi usioisha ndani ya nyumba, figo zinatoa renini, na renini inaamsha homoni zingine zinazobana mishipa ya damu na kuzuia chumvi na maji visitoke mwilini, halafu kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, nayo ikiwa nyingi kwa muda mrefu inaongezea palepale kwenye chumvi. Sisemi mawazo peke yake ndo chanzo, kuna urithi, umri, uzito, chumvi ya mezani. Ila pale shingoni kuna vihisi vinavyoupa ubongo taarifa presha ikizidi, na presha ikikaa juu muda mrefu vinaizoea, vinaanza kuona 160 kwenye namba ya juu ndo kawaida. Ukifika hapo hata madeni yote yaishe, usitegemee itashuka yenyewe.

Kupima nako kuna mambo yake. Mama mkubwa akifungwa mkanda kliniki anamsimulia nesi mgogoro wa kiwanja mwanzo mwisho, na kuongea tu kunapandisha kipimo. Nyumbani namwomba akae kimya dakika 5, ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, napima mara 2. Ikisoma 135/85 kwenda juu naandika kwenye daftari aende nalo kwa daktari, na asipoongea namba zinatofautiana kabisa na za kliniki jamani.

Na kama umepewa dawa za presha kama atenolol au propranolol, zile zinaziba pale adrenalini inapojishikiza kwenye moyo. Ukiziacha ghafla kwa vile umejisikia poa, moyo unaipokea adrenalini yote kwa mkupuo, presha inaweza kuruka kuliko mwanzo, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Kama ni kuacha, mwambie daktari akupunguzie dozi kidogokidogo.