Mtazamaji Anaposema "Simama!"

Ukitaja onyesho linalomwingiza mtazamaji ndani, wengi hukumbuka Sleep No More ya kundi la maigizo la Punchdrunk, iliyochezwa New York kuanzia 2011 hadi mwanzoni mwa 2025. Ni tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare iliyotawanywa katika vyumba vya jengo la ghorofa. Ukiingia unavishwa kinyago cheupe, unakatazwa kusema, kisha unaachwa uende utakako: umfuate mwigizaji huyu ngazini, upekue droo za yule. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini hata ufungue droo zote, Macbeth atakufa vilevile. Mtazamaji amepewa miguu. Kauli bado hana.

Kauli alipewa Peru mwaka 1973. Mbrazili Augusto Boal, akiwa uhamishoni, alikuwa kwenye mradi wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Watazamaji walipendekeza, waigizaji wakajaribu. Mwanamke mmoja hakuridhika na namna walivyolicheza pendekezo lake, wakarudia, bado hakuridhika, mwishowe akaitwa apande aonyeshe mwenyewe. Kwetu jambo hili lina ndugu yake wa zamani: fanani hasimulii mpaka aitikiwe "Pakawa!"

Igizo la namna hii, ambalo mtazamaji hupanda na kulibadili mwenyewe, liwe fupi, dakika 10 hadi 15, na liishe vibaya. Tuseme mjane anasukumiwa karatasi na shemeji yake, ya kuhamisha shamba la marehemu. Mwenyekiti wa kitongoji ameketi pembeni, kimya. Mjane anachovya kidole gumba kwenye wino, anabandika. Mwisho. Kisha igizo linaanza upya, maneno yaleyale, mwendo uleule, na yeyote anayeona pa kufanya vingine anasema "Simama!", anavaa khanga ya mjane na kushika nafasi yake.

Mama wa safu ya pili anaivaa. Hagombi. Anaurudisha mkono uliokuwa umeshaelekea kwenye wino: "Nisomee kwanza, shemeji, na wanangu wasikie." Hapa kazi yote iko kwa anayecheza shemeji. Akilegea mara moja, watu wanapiga makofi na hakuna walichojifunza. Akikaza kama ukuta, wa pili hatothubutu kupanda. Ajibu kama mashemeji wanavyojibu: "Yaani huniamini?" Mazoezini, mwigizaji huyu ndiye wa kupewa muda mrefu kuliko wote, makundi mengi humpa mjane muda huo, na ndipo yanapokosea.

Asiruhusiwe mtu kubadilisha shemeji. Kila mara atatokea anayetaka kumcheza awe mwema, ila shemeji wa kweli huko nyumbani habadilishwi kwa khanga. Mwenyekiti anaweza kubadilishwa, kwa kuwa aliyenyamaza angeweza kusema. Mwingine ataleta muujiza: mjane anapigiwa simu na mjomba aliye waziri. Mwezeshaji, yaani anayeongoza onyesho, asimkatae, awaulize watu tu: "Hili linawezekana hapa kwetu?" Watajibu wenyewe.

Boal alimwita mwezeshaji kwa jina la ile karata ya jokeri, isiyo na upande. Anapoanza kusifia majibu anayoyapenda, onyesho limegeuka hotuba. Swali la "Tufanye nini?" nalo huleta hotuba, za watu walewale wanaosema kila mkutano. Afadhali "Njoo utuonyeshe."

Watu wakinyamaza, tazama kwanza walivyokaa. Jukwaa la juu linamwogopesha anayetaka kupanda. Chezeni chini, ndani ya nusu duara, watu wasizidi mia ili wa nyuma asikie bila kipaza sauti. Halafu tazama viti vya mbele. Mgeni rasmi akiwa mtendaji wa kata, na igizo linahusu ardhi, hakuna atakayefungua mdomo. Mketisheni katikati ya watu, au mwalikeni siku nyingine. Ukimya ukiendelea, waambie wanong'onezane wawiliwawili kwa dakika 2, kisha rudieni.

Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, mazoezi ya igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakasahihisha maneno kabla ya onyesho la kwanza. Serikali ililipiga marufuku mwaka huohuo. Kuna sababu wenye madaraka huogopa hadhira yenye kauli.

Awepo mtu wa daftari: nani alijaribu nini, shemeji alijibuje. Lisomwe kabla watu hawajatawanyika. Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, mapendekezo yaliyotoka kwenye maonyesho ya namna hii yalizaa sheria 13.

Mwisho, shemeji avue kofia mbele ya wote na kutaja jina lake halisi. Kesho atakwenda kuchota maji kisima kilekile na akina mama waliomzomea.